Luigi Broglio, mzee aliyerusha setilaiti ya Uhuru kutoka bahari ya Ngomeni

Msikilizaji, ukisimama Irente usiku ukatazama chini kwenye tambarare, utaona taa za magari kwenye barabara kuu inayopita Mombo. Chukua taa moja iliyo hafifu. Je, hiyo ni pikipiki iliyo karibu, au ni lori kubwa lililo mbali? Kwa macho peke yake huwezi kujua. Mpaka ujue umbali, ndipo utajua ukubwa wa taa.

Wataalamu wa nyota walikwama mahali hapohapo mwanzoni mwa miaka ya 1960. Waliona angani vinukta vilivyofanana na nyota dhaifu, lakini vilikuwa vikitoa mawimbi ya redio kwa nguvu. Baadaye ilijulikana kwamba si nyota. Ni mianga mikubwa mno, iliyo mbali kuliko akili inavyozoea kupima. Leo tunaviita kwasari, na kwa kupitia hivyo wanasayansi wanajaribu kuelewa ulimwengu ulivyokuwa ulipokuwa bado mchanga.

Sehemu muhimu ya habari hiyo ilianzia jirani yetu. Kutoka hapa Lushoto hadi Ngomeni, kijiji cha wavuvi kaskazini mwa Malindi nchini Kenya, ni chini ya kilomita 300 kwa mstari ulionyooka. Huko, baharini, alifanya kazi mtu ambaye wengi wetu hatujawahi kusikia jina lake. Aliitwa Luigi Broglio, na leo tunasimulia maisha yake.

Kijana wa Mestre

Broglio alizaliwa tarehe 11 Novemba 1911 huko Mestre, mji ulio ng'ambo tu ya maji kutoka Venice, nchini Italia. Alikulia Roma, akasomea uhandisi, kisha akaingia jeshi la anga upande wa wahandisi. Baada ya Vita Kuu ya Pili alikuwa mwanajeshi na pia profesa katika Chuo Kikuu cha La Sapienza, Roma. Tangu 1952 aliongoza shule ya uhandisi wa vyombo vya angani ya chuo hicho. Kwa hiyo aliishi na kofia mbili kichwani: ya jenerali na ya mwalimu.

Somo lililomshika ni hewa ya juu kabisa, pale ambapo angahewa inazidi kuwa nyepesi mpaka inakwisha. Je, huko juu kuna hewa kiasi gani? Swali hili si dogo, kwa sababu hata hewa kidogo sana hukivuta nyuma chombo kinachozunguka dunia, mpaka mwisho kianguke. Broglio alibuni mizani ya kupima mvuto huo. Alifikiria setilaiti yenye umbo la mpira, ganda la nje likiwa limeshikwa kwa mikono inayonepa na kiini kizito cha ndani. Hewa ikilisukuma ganda, mikono hunepa kidogo sana, na kipimo kinasomwa. Chombo hicho kinajulikana mpaka leo kwa jina lake.

Lakini mizani bila roketi ni bure. Italia ya wakati ule ilikuwa bado inajijenga baada ya vita, na anga za juu zilikuwa uwanja wa Marekani na Urusi. Mwaka 1961 Broglio alipeleka pendekezo lake kwa Waziri Mkuu Amintore Fanfani. Alitaka Italia iunde setilaiti yake na iirushe kwa mikono ya watu wake. Serikali ilikubali. Mwaka uliofuata makubaliano yakafanywa na Marekani: Wamarekani wangetoa roketi ndogo iitwayo Scout na kuwafundisha Waitaliano, nao Waitaliano wangetengeneza setilaiti na kutafuta mahali pa kurushia.

Mradi ukaitwa San Marco, yaani Marko Mtakatifu, msimamizi wa Venice. Tarehe 15 Desemba 1964 setilaiti ya kwanza ilipaa kutoka Wallops Island, jimbo la Virginia, Marekani, ikirushwa na kikosi cha Waitaliano wenyewe. Hatua ya pili ndiyo iliyomleta Broglio kwenye bahari yetu.

Kwa nini Ngomeni?

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini profesa wa Roma aje mpaka Afrika Mashariki kurusha roketi? Sababu ziko tatu, na zote zinatokana na mahali tulipo.

Ya kwanza ni mzunguko wa dunia. Dunia inajizungusha kuelekea mashariki, na penye ikweta ndipo inapokwenda kasi zaidi, karibu kilomita 1,670 kwa saa. Ukirusha jiwe ukiwa juu ya pikipiki inayokimbia, jiwe linapata kasi ya mkono wako na kasi ya pikipiki. Vivyo hivyo roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka karibu na ikweta inapewa msukumo wa bure. Ngomeni iko kama nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta. Kwa roketi ndogo kama Scout, msukumo huo ulikuwa na maana kubwa.

Ya pili ni usalama. Mbele ya Ngomeni kuna Bahari ya Hindi tupu. Vipande vya roketi vinavyodondoka njiani vinaangukia majini, si juu ya nyumba za watu.

Ya tatu ilikuja kuonekana faida yake baadaye. Setilaiti inayozunguka juu ya ikweta, katika kimo kisicho kikubwa, hukwepa sehemu ya anga iliyojaa chembechembe kali zinazovuruga vipimo. Ni kama kurekodi sauti chumbani badala ya sokoni. Anayetaka kusikia sauti ndogo huchagua mahali pa kimya.

Kwa kuwa setilaiti zinahitaji kituo imara na bahari ndiyo iliyokuwa njia salama, Broglio aliamua kituo kijengwe baharini. Majukwaa makubwa ya chuma yaliletwa, miguu yake ikasimamishwa kwenye sakafu ya bahari, kilomita chache kutoka ufukweni. Moja liliitwa San Marco, ndilo la kurushia roketi. Jingine liliitwa Santa Rita, ndilo la kuongozea, likiunganishwa na la kwanza kwa nyaya zilizopita chini ya maji. Wakatoliki humwomba Rita Mtakatifu katika mambo yanayoonekana hayawezekani.

Roketi ndogo za majaribio zilirushwa kutoka Santa Rita kuanzia Machi 1964, Kenya ikiwa na miezi mitatu tu tangu ipate uhuru. Tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti ya San Marco 2 ilipaa kutoka jukwaa la San Marco. Ilikuwa mara ya kwanza kwa setilaiti kurushwa kutoka jukwaa la baharini, tena karibu na ikweta. Mizani ya Broglio ikaanza kupima hewa ya juu ya ikweta.

Setilaiti yenye jina la Kiswahili

Wakati huo Marekani kulikuwa na Mwitaliano mwingine, Riccardo Giacconi, aliyekuwa akitafuta eksirei kutoka angani. Sote tunaijua eksirei ya hospitali, ile inayopita kwenye nyama na kuonyesha mfupa. Angani kuna vitu vinavyotoa mionzi hiyohiyo, lakini haifiki chini. Hewa iliyo juu ya vichwa vyetu, ukiipima uzito, ni sawa na maji yenye kina cha mita 10. Eksirei za angani zinaishia humo. Ni rehema kwa miili yetu, lakini kwa mtaalamu wa nyota ni pazia. Hata ukipeleka darubini juu ya msitu wa Magamba, hutaziona. Lazima uende juu ya hewa.

Mwaka 1962 Giacconi na wenzake walirusha roketi yenye vipima mionzi, wakapata chanzo cha kwanza cha eksirei nje ya mfumo wa jua letu. Shida ya roketi ya namna hiyo ni kwamba hukaa juu dakika chache tu, kisha huanguka. Giacconi alitaka setilaiti ikae juu kwa miaka, ikiupitia mbingu wote taratibu. Setilaiti ikatengenezwa, na mahali bora pa kuirushia pakawa kwenye jukwaa la Broglio, kwa sababu ya ule ukimya wa ikweta.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, roketi ya Scout ilipaa kutoka Ngomeni. Kikosi cha Broglio ndicho kilichoirusha, na ilikuwa mara ya kwanza kwa setilaiti ya Marekani kurushwa na watu wa nchi nyingine. Marjorie Townsend, mama aliyesimamia mradi huo kwa upande wa shirika la anga la Marekani, NASA, aliipa setilaiti jina la Uhuru, kwa heshima ya siku ile na kuwashukuru watu wa Kenya.

Uhuru ilikuwa na uzito wa kilo 140 hivi, kama gunia la mahindi na kasoro ya nusu. Ilikuwa chombo cha kwanza duniani kilichotengwa kwa ajili ya eksirei za angani peke yake. Ilijizungusha polepole, ikifagia mbingu kipande kwa kipande, hadi Machi 1973. Kabla yake vyanzo vilivyojulikana vilikuwa makumi machache. Orodha ya mwisho ya Uhuru ilikuwa na vyanzo 339. Ndani yake kulikuwa na kitu kiitwacho Cygnus X-1, ambacho kilikuja kutambuliwa kuwa shimo jeusi. Kulikuwa na kwasari pia.

Kwasari ni nini hasa?

Turudi kwenye taa ya barabarani. Mwaka 1962 mtaalamu Cyril Hazard, akitumia darubini ya redio ya Parkes huko Australia, alisubiri mwezi upite mbele ya chanzo kimoja cha redio kilichoandikwa kama 3C 273. Sekunde ambayo sauti ilikatika ilionyesha kwa usahihi chanzo kilipo. Mwaka 1963 Maarten Schmidt, Mholanzi aliyefanya kazi California, aliuchambua mwanga wa kinukta hicho. Akakuta mawimbi yake yamevutika kwa karibu asilimia 16, kama mpira wa manati unavyovutwa.

Kuvutika huko ndiko kunakopima umbali. Ulimwengu unatanuka, na mwanga unaosafiri ndani yake hutanuka pamoja nao. Hesabu ilionyesha kwamba mwanga wa 3C 273 umesafiri zaidi ya miaka bilioni 2. Kumbe haikuwa pikipiki iliyo karibu. Lilikuwa lori, tena lenye taa inayoshinda galaksi nzima yenye mabilioni ya nyota.

Ni nini kinachoweza kuwaka hivyo? Jibu ni shimo jeusi kubwa mno, lenye uzito wa mamilioni au mabilioni ya majua, lililoko katikati ya galaksi. Shimo lenyewe halitoi mwanga. Kinachowaka ni gesi inayolizunguka kabla ya kumezwa. Umewahi kupanda basi linaloteremka kutoka Soni kwenda Mombo, ukasikia harufu ya breki? Mwendo unageuka kuwa joto kwa msuguano. Gesi inayoanguka kuelekea shimo jeusi husuguana yenyewe kwa yenyewe hivyohivyo, mpaka karibu na shimo inatoa eksirei.

Ndiyo maana kazi ya Uhuru ilikuwa na uzito. Mwanga wa kawaida huzuiwa na vumbi, kama taa za gari zinavyozuiwa na ukungu wa huku kwetu mwezi wa saba. Eksirei kali hupenya vumbi hilo. Kwa hiyo eksirei ni mojawapo ya alama bora za kutambua kwamba mahali fulani, hata pamefunikwa, kuna shimo jeusi linalokula. Uhuru iliorodhesha 3C 273 miongoni mwa vyanzo vyake, na tangu hapo njia hiyo ya kuwinda haijaachwa.

Mtoto mwenye ndevu

Sasa fikiria mwanga kama barua. Barua iliyotumwa zamani inakueleza habari za siku ilipoandikwa, si za leo. Kadiri kwasari ilivyo mbali, ndivyo barua yake ilivyo ya zamani. Ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8. Mwaka 2021 ilitangazwa kwasari ambayo mwanga wake ulianza safari ulimwengu ulipokuwa na miaka milioni 670 hivi. Tukiulinganisha ulimwengu na mzee wa miaka 70, wakati huo alikuwa mtoto wa miaka mitatu na nusu.

Hapo ndipo kuna fumbo. Shimo jeusi la kwasari hiyo lina uzito wa majua bilioni 1.6. Shimo hukua kwa kula, na kula kunachukua muda. Kukuta shimo kubwa hivyo mapema hivyo ni kama kukuta mtoto wa miaka mitatu ana ndevu. Mwaka 2023 darubini mbili za angani, Chandra inayoona eksirei na James Webb, zilishirikiana kupata shimo jeusi la zamani zaidi, la wakati ulimwengu ulipokuwa na miaka milioni 470 hivi. Vipimo vyake vinaelekeza kwamba huenda baadhi ya mashimo haya yalizaliwa tayari makubwa, kutokana na mawingu mazito ya gesi. Kazi bado inaendelea.

Chandra ni mjukuu wa Uhuru. Giacconi alikuwa miongoni mwa waliotoa wazo la kuijenga, na mwaka 2002 alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kazi iliyoanza na roketi zile na setilaiti iliyopaa kutoka Ngomeni.

Uzee wa Broglio

Broglio hakuwa na tuzo kama hiyo. Yeye alikuwa mtu wa kurusha, na mrushaji husahaulika haraka. Kati ya 1967 na 1988 setilaiti 9 zilirushwa kutoka kwenye jukwaa lake, na nne kati yake zilikuwa za kuchunguza nyota: Uhuru, nyingine mbili za Marekani, na Ariel 5 ya Uingereza mwaka 1974.

Lakini Italia ilizidi kuelekeza fedha kwenye miradi ya pamoja ya nchi za Ulaya. Setilaiti zikawa kubwa, na Scout haikuweza kuzibeba. Broglio alitaka roketi mpya yenye nguvu zaidi ili kituo kiendelee. Hakuipata. Roketi ya mwisho iliondoka Ngomeni tarehe 25 Machi 1988. Miaka yake ya mwisho aliishi akijua majukwaa yamesimama kimya katika maji ya chumvi. Alifariki Roma tarehe 14 Januari 2001, akiwa na miaka 89. Kituo kile sasa kinaitwa kwa jina lake.

Tumsimulie kwa haki pia. Kwa miaka mingi Wakenya, hata bungeni, wameuliza nchi yao imepata nini. Wavuvi wa Ngomeni waliona moto ukipaa, lakini vipimo vilisomwa Roma na Marekani. Vijana wa pwani walipata ajira, wengi wakajifunza Kiitaliano, lakini waliofundishwa sayansi yenyewe walikuwa wachache. Mkataba mpya kati ya Kenya na Italia ulitiwa saini mwaka 2016, na mafunzo kwa Wakenya ni sehemu yake. Mwaka 2018 setilaiti ndogo ya kwanza ya Kenya, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa kushirikiana na La Sapienza, chuo cha Broglio, iliachiwa angani. Ilichukua nusu karne tangu San Marco 2.

Na kituo cha nchi kavu hakijalala. Sahani za antena za Malindi bado zinapokea habari kutoka setilaiti za eksirei kama NuSTAR, iliyorushwa mwaka 2012, na IXPE, ya mwaka 2021. Zote zinazunguka karibu na ikweta, kwa sababu ileile iliyomleta Broglio, na zote huchunguza kwasari. Usiku tunapolala huku milimani, habari za mashimo meusi ya mbali zinashuka chini kwenye pwani ya jirani.

Broglio aliitazama ramani akaona kwamba mahali tulipo ni mali. Alikuwa mgeni, na aliona kabla yetu. Kwa mzazi mwenye mtoto anayependa hesabu katika shule zetu za Mlalo, Soni au Bumbuli, habari hii ina maana. Ikweta haijahama. Kinachohitajika ni watu wa kusoma kinachoshuka.

Ukitaka kujua upande wa kutazama, toka nje mwezi wa sita, saa mbili usiku, kukiwa hakuna ukungu. Karibu na utosi utaona nyota nyeupe inayong'aa, iitwayo Sumbula, katika kundi la Mashuke. Ile kwasari ya 3C 273 iko katika kundi hilohilo. Kwa macho matupu huwezi kuiona, inahitaji darubini nzuri kiasi. Lakini ipo, na mwanga unaofika usiku huo ulianza safari wakati duniani hapakuwa na mti wala mnyama.